Uso Niliouacha Msituni

Nikisikia mtu anatafuna mahindi ya kuchoma, popote nilipo, Bunia, Kisangani au Kampala, mkono wangu hupanda wenyewe hadi shavuni. Kisha hasira inakuja. Nawaambieni ninyi, maana dada yangu amechoka kunisikiliza.

Tulikuwa mapacha, Zawadi na mimi, Furaha. Kwetu Butembo, hata tantine, dada yake mama, alinitambua kwa kovu la goti tu. Tulikuwa na nyuso pana na taya za kumenya muwa bila kisu. Tulipotafuna, misuli ilituna kando ya vichwa vyetu kama vyura wadogo, na watoto wenzetu waliomba kuigusa.

Vita vilitutenganisha tukiwa na miaka saba. Zawadi alikuwa kwa tantine, akisoma. Mimi nilikuwa shambani na mama, upande wa Beni, wenye silaha walipofika. Tuliingia msituni, tukatoka, tukarudi tena, karibu miaka mitatu. Siku ya kwanza nilitia mdomoni punje za mahindi makavu. Zililia kru, kru. Mama aliniingiza kidole akazitoa zote.

"Hapana tafuna, Furaha. Batatusikia. Meza tu."

Nikameza. Unga wa muhogo uliolowekwa, ndizi zilizoiva mno, uji baridi. Miaka mitatu meno yangu hayakuwa na kazi.

Tuliporudi Butembo, Zawadi alisimama mlangoni na kipande cha muwa mkononi. Alinitazama sana.

"Weye, ile sura yetu uliachia wapi?"

Tantine alicheka, kisha akaleta kioo. Uso wa Zawadi ulikuwa mpana kama zamani. Wangu ulikuwa mrefu, mwembamba, na meno mapya yalibanana kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Noeli. Hakuna ambaye angetuchanganya tena.

Basi nikaanza kutafuna ili niurudishe. Muwa, mahindi, mifupa ya kuku, hata penseli za Zawadi, mpaka taya zikakaza. Kila asubuhi nilikimbilia kioo. Uso haukurudi.

"Weye ndio ulininyima," nilimwambia mama. Aliendelea kuchambua maharagi. Kwa miaka mingi nilizunguka miji ya watu na neno hilo sikulifuta.

Ni mng'oa meno mmoja wa Kampala aliyenieleza, nikiwa mtu mzima: mfupa wa mtoto hukua ukifuata msuli unaouvuta, na msuli hukua kwa kazi. Wakati wake ni utoto, ukipita, umepita. Nilitaka kuvunja kiti chake nilichokalia. Wenye silaha waliochukua mbuzi wetu, watu huwataja. Aliyechukua taya ya mtoto hatajwi na mtu. Na mimi nilikuwa nimemshitaki mama, aliyeniokoa.

Nilipanda gari hadi Butembo kumwomba msamaha. Nilimkuta jikoni, anachoma mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa hindi la moto.

"Sasa tafuna, mwana wangu. Hakuna mutu wa kuogopa."

Nilitafuna kwa kelele, nimegeukia upande wa Beni. Nilitaka wale wenye silaha wanisikie.