Kizungu Nilichoongea na Baba Mkwe

Msicheke kabla sijamaliza, ingawa najua mtacheka, maana hata mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile najifunika uso na kofia. Yote yaliletwa na mdomo wangu. Baba yake Wanjiku, msichana niliyetaka kumwoa, alinikuta sokoni Ruiru, akaniuliza kule kiwanda cha mkonge Thika nafanya kazi gani, nami badala ya kusema nabeba marobota (kazi halali kabisa, mgongo wangu ni shahidi) nikamwambia mimi ndiye naongea na Mzungu.

Kweli Mzungu alikuwa akiongea nami, lakini neno lilikuwa moja tu: olrait. Asubuhi olrait, basi tunaanza kazi. Robota likikaa vizuri, olrait. Ukimwambia unaumwa anaivuta, olraaait, ujue hajakuamini hata kidogo. Akikasirika anaikata kwa meno, na jioni ya kwenda nyumbani anaisema karibu kwa kuimba. Nikalijua neno lile kwa sauti zake zote, nikajiona msomi.

Siku ya kupeleka pombe na kuzungumza mahari ikafika. Kwetu anayeoa hafungui mdomo siku hiyo, anasemewa, kwa hivyo nilimleta baba mdogo Njoroge anisemee, nami nikatulia kwenye kigoda kama maji mtungini. Mara baba yake Wanjiku akanyamazisha watu wote. Mzee huyo alikuwa ameendesha lori la jeshi kwenye vita vya Wazungu kule Bama, na majirani walimheshimu sana kwa Kizungu chake. Akasema binti yake amesoma mpaka akawa mwalimu, hawezi kumpa mtu asiye na Kizungu, na kabla mbuzi hata mmoja hajatajwa, yeye na mimi tuongee kidogo. Jasho likanitoka. Nilimpenda Wanjiku vibaya sana, na nikajua hapo ndipo ninapomkosa.

Mzee akakohoa.

"Olrait?"

"Olrait," nikajibu polepole.

"Olraaait," akavuta, jicho moja amelifinya.

Nikamrudishia ile ya jioni ya kwenda nyumbani. Akakunja uso akaikata kwa meno, nikainamisha kichwa nikaisema kwa unyenyekevu, naye akailainisha, tukaendelea hivyo mpaka nikagundua kitu: mzee hana neno lingine. Na kwa jinsi alivyokuwa akijifuta shingo, naye alishanigundua mimi. Wazee wengine walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika, wakisema kweli vijana wa siku hizi wamesoma. Nikaanza kupumua.

Lakini pombe hainywewi mpaka msichana aitwe, aulizwe kama inywewe, na aonje yeye kwanza. Wanjiku akaingia na pembe ya pombe mkononi, macho yamejaa machozi ya kicheko alichokizuia, na nilipoona mabega yanavyomtikisika nikajua alikuwa nyuma ya ukuta akisikia kila kitu. Mzee mmoja (Mungu amsamehe) akamwambia, wewe mwalimu, hebu tuambie hawa wawili wamepatana nini.

Mimi na baba yake tukaangalia chini.

"Baba amemuuliza kama nitaendelea kufundisha," akasema kwa sauti ya darasani. "Amekubali. Kisha baba akamuuliza nani atachota maji mtoni nikiwa shuleni. Amesema ni yeye."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mwanaume kuchota maji, siku hizo! Baba mdogo Njoroge akashika kichwa, akaniuliza kama kweli nimesema maneno hayo. Ningekataa, ningeulizwa basi nilisema nini. Nikamtazama mzee, mzee akatazama ile pembe.

"Nimesema," nikajibu.

"Ndivyo tulivyopatana," mzee akaongeza haraka.

Wanjiku akaonja pombe, akampa baba yake, na vigelegele vikapigwa mpaka barabarani.

Basi nikawa nachota maji kila siku ya shule, mkanda wa debe kwenye paji la uso kama wanawake, nao wakinicheka njia nzima na kuniita Bwana Olrait, nami natembea kifua mbele, kwa sababu wanaume waliokuwa na Kizungu kingi walimtaka Wanjiku wakamkosa. Uongo juu ya kazi yangu sijasema tena. Na mtu akiniuliza kama najua Kizungu, namwambia amuulize mke wangu, yeye ndiye anajua nilisema nini.