Ubao Uliokuwa Ukihama

Kornelio wa Vidunda alikuwa fundi wa simu mjini Kilosa, na mwaka 1974 huenda ndiye mtu pekee wilayani aliyekubali kwamba hajui watu wako wapi. Wenzake wote walikuwa na ramani.

Ubao wake wa kuunganishia simu ulikuwa na matundu kumi na mawili, kila tundu waya wa kijiji kimoja. Kando yake ilining'inia orodha yenye muhuri: la kwanza Msowero, la nne Kimamba, la tisa Mkazeni. Orodha safi kabisa. Ila tangu ipigwe muhuri, operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya ilikuwa imebeba vijiji vitano na kuvishusha kwingine, na mafundi wa nguzo walifuata nyuma wakihamisha nyaya. Orodha haikuambiwa.

Asubuhi moja ya masika mlinzi wa mto akapiga: tuta la mto Mkondoa limekatika, maji yatafika bondeni baada ya muda wa saa mbili. Bondeni ndiko ilikoshushwa Mkazeni wiki tatu kabla. Na huko Mkazeni alikuwako Ida, mke wa Kornelio, amekwenda kujifungulia kwa mama yake. Gari la wilaya lilikuwa Mikumi, limepeleka wajumbe kutazama kijiji cha mfano.

Kornelio akachomeka waya kwenye tundu la tisa.

"Mkazeni?"

"Hapa ghala la pamba. Mkazeni walishahama."

Mkuu wake, Mathayo, akagonga orodha kwa kidole. "La tisa ni Mkazeni. Muhuri huo ni wa wilaya."

"Basi wilaya ipige yenyewe, ndugu mkuu."

Akaigeuza orodha ikatazama ukuta, akachukua chaki. Alipiga tundu moja moja akiuliza mpo wapi, na kuandika jibu juu ya tundu. Yote kumi na mawili yakajibu. Mkazeni haikuwamo. Akarudia la pili, lililokuwa limejibu Msowero. Sasa akapokea karani wa mnada wa ng'ombe.

Hapo akaelewa. Chaki haikuwa na kosa. Nyaya zilikuwa zikihamishwa huku yeye anaandika.

Akapiga Kimamba, walikokuwa mafundi wa nguzo na msimamizi wao Danieli.

"Danieli, toeni mikono kwenye nyaya. Zote."

"Kaka, tuna lengo. Vijiji vitatu kabla ya chakula."

"Ida yuko bondeni na maji yanakuja."

Danieli akasikika akiwapigia kelele mafundi wake. Kisha: "Tumeshuka nguzoni."

Saa moja ilikuwa imekwisha. Kornelio akafuta chaki yote, hata majibu aliyoyaamini, akaanza upya. Tundu la sita, ambalo mara ya kwanza lilikuwa shule, likajibu:

"Mkazeni, Mwenyekiti Makarius anaongea."

"Mwenyekiti, mto umevunja tuta. Pandisheni watu mlimani sasa hivi."

"Barua iko wapi?"

"Inakuja na maji."

"Ndugu, tuna agizo. Mtu haondoki kijijini bila kibali."

Kornelio akafumba macho. "Basi asiondoke mtu. Hamisheni kijiji."

"Ah," alisema Makarius, kwa sauti ya mtu aliyepata kazi anayoijua. "Hilo ungesema mapema."

Kipande cha reli kikasikika kikigongwa, watoto, kuku, mtu akitukana godoro. Halafu waya ukakatika.

Mathayo akasema pengine ni maji. Saa ya maji ikafika, ikapita. Kornelio alipiga la sita kila baada ya dakika tano, na Danieli akaapa kwa mama yake kwamba hakuna fundi aliyegusa kitu.

Saa tisa alasiri tundu la sita likaita lenyewe.

"Mwenyekiti hapa. Samahani, kijiji hakihami bila simu yake. Nimeichomoa, nimeifunga kwenye nguzo ya waya wetu huku mlimani. Ofisi imekwenda na maji. Watu wote wapo, nimewahesabu mara mbili."

"Ida?"

Simu ikapokezanwa.

"Baba watoto," alisema Ida, akihema, "mwambie huyo anayepanga safari hizi, mimi hapa siteremki mpaka nizae."

Kornelio akaandika kwa chaki juu ya tundu la sita: Mlimani. Mathayo akaitazama ile chaki, akatoka kutafuta muhuri.