Alama ndogo katika jina la baba

Wiki iliyopita, katika ukumbi wa parokia moja hapa Lubumbashi, waliokimbia vita vya Mashariki mwa Kongo walikuwa wakiandikishwa ili ndugu waliopoteana waonane. Kila mara karani alipoandika jina la mama mmoja, muuguzi kutoka Bukavu, programu ya kompyuta ilijifunga.

"Mama, iko ile alama ya apostrofi kisha ya M. Tuitoshe tu, tuandike bila ile," karani akasema.

"Hapana. Ile njo jina ya baba. Dada yangu atanitafuta na ile."

Programu hiyo ni ya bure, na walioitengeneza hupokea barua za watumiaji. Karani akaanza kuwaandikia kwa hasira: "Programu yenu iko mubaya!"

Mama akamshika mkono. "Mugonjwa akiniambia tu 'niko mubaya', nitamupa dawa gani? Sema uliandika nini, ulingojea nini, na nini ilitokea."

Wakajaribu tena, kwanza na alama, kisha bila alama, wakaeleza yote katika barua pasipo tusi.

Jana nilipita pale. Watengenezaji walikuwa wamerekebisha kosa. Karani akasoma jina zima kwa sauti.

"Sasa dada anaweza kuniona," mama akasema.

Dada hajapatikana bado. Sisi wa mji huu ni mabingwa wa kulalamika. Mama huyu alitaka kitu kipone, akaonyesha panapouma.