Hamira ya Mzee Suud na Kisima cha Hail

“Hamira yangu haibakishi hata chembe ya risasi,” anajigamba Suud bin Awadh, mikono imezama pipani mpaka viwikoni. “Andika hivyo hivyo.”

Ni saa moja asubuhi, Hail, Machi 2004. Suud, mwenye miaka 58, anakoroga maji ya kisima chake yaliyotiwa hamira. Si ya kuumulia mkate hii. Ameichemsha ikafa, akaianika, akaisaga. Hata ikiwa maiti, hunasa risasi, ile metali yenye sumu, iliyomo majini, kisha huchujwa kwa kitambaa. Aliyaona hayo katika maabara moja ya mtaa jirani wa Al Khoudh, anakoosha vyombo.

Risasi ilitoka wapi? Suud hamsingizii mtu. Kwa miaka kumi na moja alivunja betri kuukuu za magari ua huu huu, na maji yake akiyamwaga chini.

“Nlijiona mjanja, naleta kazi nyumbani,” anasema. “Kumbe naleta sumu.”

Aliyeugua ni mkewe, Kheiria: damu ilipungua, tumbo likamsokota, mkono wa kulia ukalegea. Sasa mwaka wa pili anakaa kwa binti yao Shurooq, mtaa wa Darsait. Aliapa hatarudi mpaka kisima kisafike.

Suud anatoa mfukoni majibu ya maabara, yamekunjwa mara nne. Kabla ya hamira, risasi ilikuwa mikrogramu 84 kwa lita. Baada yake, 26. Salama haizidi kumi.

“Basi imebakisha, mzee,” namtania.

Hacheki. “Imebakisha kidogo. Na mimi umri umenibakia kidogo. Leo nimeyachuja mara tatu. Nataka Ramadhani ijayo tufuturu pamoja.”

Saa nne Kheiria anafika kumjulia hali. Anatandika mkeka, anaweka tende na bakuli la maji ya kunawia vidole. Suud anajaza glasi mbili, yangu na yake, maji ya pipani. Yake anaimaliza kwa pumzi moja, kisha ananikodolea macho.

Kumkatalia mwenye nyumba ni aibu. Anapogeuka kuchukua kahawa, glasi yangu inakuwa tupu.

“Mama Shurooq, mgeni keshakunywa!” Suud anamwambia mkewe. “Haya, lini unarudi?”

“Matamu, wallahi,” nashuhudia.

Kheiria hanitazami mimi. Analitazama bakuli.

“Suud, maji ya kunawia nimetia nusu bakuli kwa mkono wangu huu mbovu. Sasa yanafurika mkekani. Hebu muulize mgeni wako ana vidole vingapi.”