Kumpokea Farasi Bila Salamu

Watu wa Kasongo, mji wetu huku Kongo, wakisikia kwamba nilifanya kazi ya farasi ng'ambo, huuliza kwanza kama farasi wangu alishinda. Nawajibu kwamba kwenye mbio zile kushinda ni jambo la pili, la kwanza ni moyo. Fundi mmoja wa pikipiki pale sokoni alinicheka. "Sisi huku tunaangaliaka kwanza mapine," alisema, akibonyeza tairi la mbele. "Wewe unaanzia ku moyo?"

Ndiyo, tulianzia moyoni. Mume wa shangazi yangu anaishi Oman, na ndiye aliyenitafutia kazi kwenye zizi la farasi wa mbio ndefu, zile za kutwa nzima jangwani. Kabla ya hapo nilikuwa nikisoma habari za jioni kwenye redio ndogo ya Kasongo, na farasi nilikuwa sijamwona kwa macho. Kwetu mzigo hubebwa na mtu, baiskeli au pikipiki.

Mkuu wa zizi alikuwa mzee ambaye mama yake alikulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili alikinyonya. Wote tulimwita Ami. Alinikabidhi farasi jike wa kijivu, mwembamba, mwenye masikio yasiyotulia, akaniambia nisiwe na haraka naye.

Kazi ya kumwandaa ilikuwa ya miezi, na karibu yote ilikuwa kutembea. Wengi hudhani farasi wa mbio anafundishwa kukimbia. Yule tulimfundisha kwanza kwenda polepole mchangani, asubuhi kabla jua halijachoma, kisha mchakamchaka mfupi, kisha mrefu, na siku ya kupumzika alipumzika kweli. Nilimtilia chumvi kidogo kwenye chakula ili apende maji, maana farasi asiyekunywa njiani hafiki. Kila asubuhi nilipitisha kiganja miguuni mwake, kutoka goti hadi kwato, nikitafuta joto, kwa kuwa maumivu huanza kwa joto. Nikimaliza, Ami alirudia yeye mwenyewe, njia ileile. Mwanzoni nilidhani haniamini. Kisha nikaona kwamba yeye naye alirudiwa na binti yake, aliyekuwa mpandaji. Mguu mmoja ulipitia viganja vya watu watatu, na hakuna aliyeona vibaya. Nimefanya kazi na watu wengi. Ni wachache walionifundisha bila kunidharau kama wale wawili.

Mbio zenyewe huenda kwa mizunguko. Farasi anaondoka, anarudi kituoni, anakaguliwa, anapumzika, anaondoka tena. Anapoingia, tunamvua tandiko, tunammwagia maji shingoni na kifuani, tunampeleka kwa daktari wa mifugo. Mapigo ya moyo wake yakikataa kushuka hadi kiwango kilichowekwa mpaka muda unakwisha, ametolewa. Hata mwisho ni hivyohivyo: ukivuka mstari bado hujamaliza, mpaka daktari akubali.

Haya yote nilikuwa nayajua siku ya mbio zetu za kwanza. Lakini farasi wangu alipotokea nyuma ya vilima vya mchanga, nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Kabambare, alikozaliwa mama yangu na anakolima hadi leo, mtu anayetoka safari hangojewi mlangoni. Unamwendea njiani kwa makofi, unamwita kwa sifa zake, unauliza habari za wote aliowaacha huko. Ukimpokea kimya, umemwambia kwamba hukumtarajia. Basi nilimwendea mbio, nikipiga makofi na kuimba, na watunza farasi wa mazizi mengine wakajiunga. Yeye akainua kichwa, masikio mbele, akaja shoti huku binti akivuta hatamu. Ilipendeza kutazama.

Moyo ulikataa kushuka. Tulimwaga maji mpaka mapipa yakaisha, na kila nilipomsemesha ili kumtuliza, ulipanda. Daktari alisikiliza, akangoja, akasikiliza tena, akatikisa kichwa.

"Umempokea kama bibi harusi," Ami aliniambia. "Sasa bibi harusi amerudishwa kwao."

"Mimi mwenyewe kwa makofi yale nilidhani tumeshinda," alisema binti yake, bado ana mchanga kwenye nyusi.

Walicheka, nami nikacheka nao. Kisha Ami alinivuta pembeni. Farasi yule alikuwa wa kaka yake, anayeishi mjini, na kaka mtu alikuwa amepiga simu.

"Akitolewa tena, anamuuza."

"Kwa nani, Ami?"

"Kwa yeyote atakayekuja na gari la kumchukulia. Mbio zinazofuata ndizo za mwisho kwake. Kwa hiyo mdomo huo, mwanangu, uufunge."

Niliufunga. Kwenye mazoezi nilisimama kituoni kama nguzo, mikono mgongoni, na bado moyo wake ulichelewa kutulia. Alininusa, akanisukuma kwa pua, akazungukazunguka. Nilikuwa kimya kama mtu aliyekasirika, na yeye aliliona hilo.

Wiki ile mama alipiga simu. Kijijini kwake mtandao haufiki, hivyo hupiga siku akiwa Kabambare penyewe.

"Ule munyama wako iko aje?"

"Iko muzima, mama. Ni moyo tu haitulie akifika."

"Munyama mukubwa vile, munamukimbiza, munamupima na moyo, halafu hamumukule?"

"Hatumukule, mama."

"Basi huko muko watu wa ajabu."

Kisha akanipa habari. Mke wa mdogo wangu alishikwa na uchungu wakati mvua imeharibu njia, pikipiki hazipiti, wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti inayokaa mabegani, mpaka hospitali. Mtoto amezaliwa, wa kike, na mama yake yuko salama. "Kila kijiji walitutokea na maji," alisema mama. "Hakuna mwenye alitusalimia, unajua vile inakuwa."

Nilijua. Wabeba kipoyi hawasalimiwi. Anayewaona anawajia taratibu, anaingiza bega lake chini ya mti, anamwondoa aliyechoka, anampa maji. Hamwiti wala hamwulizi, kwa sababu ukimsemesha itabidi akujibu, na pumzi ile si ya kujibia. Hata hivyo hakuna anayeona kwamba amepuuzwa. Wale watu walikuwa wanangojewa, na wanalijua hilo kwa jinsi mzigo unavyotoka begani kabla hawajaomba.

Nilimshukuru Mungu kwa mtoto, kisha nikaenda zizini nikamtazama farasi wangu. Miezi yote ile nilimwona kama msafiri. Sasa nilimwona kama mbebaji, mwenye mtu mgongoni kutwa nzima.

Kuanzia kesho yake nilibadilisha mapokezi. Sikumkimbilia wala sikusimama kama nguzo. Nilitembea kumfuata upande wa bega, kwa mwendo wake yeye. Binti akishuka, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mshipi wa tandiko. Maji yalifuata, ya shingoni kwanza, bila neno. Ami alitazama siku kadhaa, kisha akawaambia wasaidizi wengine wafanye hivyo.

Siku ya mbio za mwisho palikuwa na upepo wa joto. Alipita ukaguzi wa kwanza, na wa pili. Alipovuka mstari wa mwisho walikuwa wametangulia wengi, na watu walikuwa wameanza kukunja mahema. Nilimfuata upande wa bega. Alishusha kichwa mpaka karibu na mkono wangu, akaacha tumvue tandiko, akaacha maji yamtiririke. Ami alisimama mbali kidogo, tasbihi mkononi, midomo ikienda.

Daktari akaweka kifaa chake ubavuni. Mimi nilitazama mchanga. Hatimaye akainua kidole gumba, akaonyesha nimkimbize aone miguu. Tulikwenda mchakamchaka hadi kwenye bendera na kurudi, mimi nikihema kuliko yeye. Miguu yote minne ilikuwa sawa.

Binti aliketi chini palepale, akafunika uso kwa glavu zake. Ami alikwenda nyuma ya gari kupiga simu mjini. Kwa Kiarabu changu cha zizini sikushika maneno, ila niliona anasikiliza kuliko anavyosema. Aliporudi alimpigapiga farasi shingoni.

"Anabaki," alisema. "Kesho apumzike. Keshokutwa utamtembeza kwa mkono." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula tangu alfajiri. Alinimegea mkate wake, tukala tukiwa tumesimama, farasi katikati yetu akitafuna majani makavu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka ya kwenda popote.