Baba Chini ya Kinyago

Uvimbe wa baba ulikuwa kooni. Daktari alitueleza kwamba mionzi ingeuua kidogo kidogo, siku tano kila wiki, kwa wiki saba. Tusiruke siku, alisema, maana uvimbe ukipata nafasi unakua tena. Basi baba akaacha ng'ombe wake Kajiado, akaja kukaa kwangu Kitengela ili tuwe karibu na hospitali ya Nairobi.

Mionzi yenyewe haikumtisha. Aliogopa kinyago. Wahudumu walilainisha wavu wa plastiki kwa maji moto, wakamlaza, wakauvuta juu ya uso wake hadi mabegani ukakauka. Kila siku angefungwa nao kwenye kitanda cha mashine, kichwa kisisogee hata kidogo, mionzi isije ikapiga mahali pazima.

Siku ya kwanza nilimtazama kwenye televisheni ya chumba cha nje. Mlango mzito ulifungwa. Kabla dakika moja kuisha aliinua mkono. Mhudumu akazima mashine, akakimbia kumfungua. Baba alikuwa ameloa jasho.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kitanda kimetandikwa na yeye hayupo. Nilimpata mchana kwenye soko la mifugo Kajiado, amesimama kati ya wauza ng'ombe. Niliinamisha kichwa anisalimie kwa kunigusa utosini, kama sisi Wamaasai tunavyosalimiwa na wazee. Akachelewa kuweka mkono.

"Maisha yangu yote nimefunga ng'ombe wa kuchanjwa," alisema kwa ile sauti yake iliyobaki mnong'ono. "Mimi sitafungwa."

Nilijizuia kulia. Nikamwambia tumeshapoteza siku moja. Akauliza kama mle ndani ya chumba cha mashine angeweza kunisikia.

Sikujua. Kesho yake tulirudi wote hospitali, nikamuuliza mhudumu, akanionyesha kipaza sauti. Mlango ulipofungwa nikaanza kumtajia ng'ombe wake wanavyotoka bomani: yule mweupe wa pembe moja, yule wa madoa, yule mweusi na ndama wake. Kwenye televisheni niliutazama mkono wa baba pajani. Sikuthubutu kunyamaza. Haukuinuka.

Kufikia wiki ya tano shingo ilikuwa imebabuka, hata uji ulimshinda, akawa analishwa kwa mpira wa puani. Alikonda hadi nikadhani tunamuua sisi wenyewe. Lakini alimaliza. Miezi mitatu baadaye daktari aliingiza kamera kooni, akaangalia kwa muda mrefu, akasema haoni uvimbe.

Baba aliniomba nimrudilie maneno hayo kwa Kimaasai. Nikarudia. Akauliza kama tunaweza kwenda nyumbani Kajiado leo.