Wimbo wa Siku ya Kuzaliwa ya Lolo

Mama akichoma mahamri, harufu ya iliki ndiyo hutangulia kufika chumbani mwangu, halafu mafuta ya moto, halafu ule wimbo. Hauimbi kwa maneno, maana maneno hakuwahi kuyajua. Huuvumisha puani tu, polepole mwanzoni, kisha hupanda kama ukumbi mzima wa watu wanaoinuka vitini kwa pamoja. Ni wimbo wa Wafilipino, wa kuipenda nchi yao. Sisi ni watu wa Mombasa, tunakaa Pearland, huku Marekani, na nchi ile hatujawahi kuikanyaga. Lakini wimbo huo ulitufukuzisha kwa watu mara mbili, tena nyumba ile ile.

Usinidhanie mtu wa kuzurura. Mimi ni mtu wa ndani. Kazi yangu ni ya kupokea simu, naifanya kitandani nimevaa dera, na kulitoa pipa la taka hadi barabarani kwangu ni safari ya kuagana na watu. Mama husema siku nikifa majirani watamuuliza, "Kumbe mlikuwa wawili humo?" Sikuzaliwa hivi, lakini. Nilikuwa mtoto wa makelele, tena mpenda kutazamwa.

Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja mjini, na jioni alisomea uuguzi wenyewe. Baba alibaki Mombasa na mke mwenziwe Mama, huko shule za jioni hazimhusu. Kwa hiyo mimi, nikitoka shule, nilishukia kwa jirani yetu Mfilipino wa mtaa wa pili, Tita Luz. Tita kwao ni shangazi. Asubuhi zote ndani ya gari Mama alinikumbusha, "Zuhura, pale umewekwa, hukuzaliwa pale. Ukiniharibia kwa Luz, basi, shule yangu imekwisha. Sina pengine pa kukuweka." Nami nilikuwa nikijibu kwa Kiingereza, "I know, Mama," jambo lililomuudhi kuliko kutojibu.

Tita alimuuguza baba mkwe wake, Lolo Nando. Lolo ni babu. Kiharusi kilimwacha na upande mmoja wa mwili na nusu ya ulimi, lakini mkono wa kulia ulikuwa mzima, na ndio ulioshika mkongojo. Supu ikipoa, mkongojo ulishuka mezani. Ikichelewa, ulishuka mgongoni kwa Tita. Ukutani palikuwa na picha yake ya ujana, amevaa magwanda na nishani, kidevu juu. Mimi hakunigusa. Alinipa maembe makavu na kunipapasa kichwa kama paka. Nilimpenda. Chakula nilikula wali na yai kila siku ya Mungu, kwa sababu Mama alikataza nyama ya nyumba ile, na mpaka leo yai likinitazama natazama kando.

Tita alikuwa na mashine ya karaoke sebuleni. Lolo akilala mchana, aliteremsha sauti na kunifundisha wimbo ule, neno kwa neno, bila kuniambia maana. "Zawadi ya siku yake ya kuzaliwa," aliniambia. "Yeye na mume wangu wasijue." Akinisahihisha alikuwa na subira ambayo walimu wangu hawakuwa nayo. Nilirudia kwenye gari, Mama akipiga mapigo kwenye usukani, amefurahi. "Imba, mwanangu. Wakikupenda, mimi nasoma kwa raha."

Siku ilipofika nilivaa gauni langu la Idi. Nyumba ilijaa wageni, nguruwe mzima amelazwa mezani, nami nikampa mgongo kwa heshima ya dini. Tita alinipa mikrofoni, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha Lolo. Nikaimba. Vijana wawili watatu walianza kupiga makofi, kisha wakawatazama wazee wao wakaacha. Wazee walikuwa wameacha kutafuna. Nami, kwa akili zangu, nikaona wameguswa, nikazidisha sauti, nikafungua na mikono.

Lolo alitoa mlio ambao sikujua mtu anao. Mkongojo ulivunja sahani, ukavunja na bilauri. Mumewe Tita alichomoa waya wa mashine, akanikamata mkono akanisimamisha nje gerejini, akampigia Mama simu aje anichukue. Kupitia mlango nilimwona Tita amejiziba mdomo, mabega yanatikisika. Nikasema, masikini, ananililia.

Mama alipofika hakuuliza mengi. Ameacha darasa katikati. "Hebu imba," akaniamuru garini. Nikaimba huku kamasi zikinitoka. "Hapo! Hapo mwisho umeuangusha. Wimbo wa nchi ya watu, wewe wauangusha kama ndoo? Hata mimi ningekufukuza." Tukakariri mpaka sauti ikakwaruza. Kwetu mtu akikosa huomba radhi mkono ukiwa na kitu, kwa hiyo kesho yake Mama alichoma mahamri, akayafunika kwa kitambaa kilichotariziwa, akanivisha tena gauni la Idi, tukaenda kubisha.

Mume alifungua. Nyuma yake, Lolo alikuwa kitini mwake akitazama televisheni. "Mtoto amekuja kuomba radhi," Mama akasema kwa Kiingereza chake cha hospitali, akanichoma kidole mgongoni.

Nikaimba tena. Sijawahi kuimba vizuri vile, na sitaimba tena. Lolo alilia, na machozi yalishuka upande mmoja tu. Mwanawe alisikiliza hadi mwisho, nadhani kwa kushindwa kuamini, kisha akayamwaga mahamri kwenye maua, akamrudishia Mama bakuli na kufunga mlango.

Garini Mama aliliweka bakuli kiti cha nyuma. Kisha akauliza, "Mwisho uliupandisha?"

"Niliupandisha."

"Si sana."

Shule yake iliishia hapo. Aliendelea kuwageuza na kuwapangusa wagonjwa mpaka mgongo ukamkataa, na jina la muuguzi hakulipata. Mimi nilipewa ufunguo, mapazia yakafungwa, nikakatazwa kumfungulia mtu. Nikaizoea kazi hiyo. Ninaifanya hadi leo.

Maana ya wimbo niliipata ukubwani, Mama aliponituma tui la kopo kwenye duka la vyakula vya Kiasia. Tita alikuwa kwenye foleni, mvi kichwani, Lolo keshakufa. Akanikumbatia. Akaniambia, bila hata kupunguza sauti, kwamba ndio waliouimba watu barabarani siku walipomng'oa mtawala wao, na Lolo alikuwa askari wa mtawala yule, akaikimbia nchi akiusikia.

"Mume wangu nilimwambia mama yako ndiye aliyekufundisha, ameupata kwa wenzetu kazini," akasema. "Hakuamini sana. Kisha mkaja wenyewe mlangoni." Akacheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, nami nikayatambua mabega. "Ile ya kwanza nilikuomba. Ile ya pili mlinipa bure. Baada ya hapo, akiinua mkongojo, nilikuwa naanza mstari wa kwanza tu, anafungua kinywa anakula."

Nilimwambia asante. Sijui kwa nini. Nikasahau na tui.

Jana Mama alikuwa jikoni, anavumisha. Alipofika mwishoni aliupandisha vizuri sana, akanigeukia na mwiko mkononi. "Ungelifanya hivi siku ile," akasema, "leo ningekuwa nesi."

"Kweli, Mama," nikamwambia. "Niliuangusha."

Akaridhika, akanichagulia hamri lililofura kuliko yote.